Jiko la ethanoli la plate mbili: jiko halina neno, kagua mafuta

Liweke jiko la CLEANCOOK la plate mbili mezani, kando ya jiko la mafuta ya taa, na mtu wa kwanza kuingia jikoni atauliza pampu iko wapi. Haipo. Hakuna pampu, hakuna utambi, hakuna mpira wa gesi wala mtungi wenye presha. Kuna mwili wa bati lisiloshika kutu, mikebe miwili ya duara inayokaa chini ya plate, na kitufe kimoja cha kuzungusha kwa kila plate. Chanzo chake ni majiko ya Origo ya Sweden, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashua. Baharini gesi ikivuja hutuama chini ya sakafu ya chombo na kungoja cheche, ndiyo maana mabaharia walitaka moto usiotegemea presha. Baadaye jiko likaletwa kwenye nyumba za kawaida. Ethiopia ilikuwa ya mwanzo kulijaribu, miaka ya 2000, Addis Ababa na kisha kambi ya wakimbizi wa Kisomali ya Kebribeyah, likiwashwa kwa ethanoli, yaani alkoholi, ya kiwanda cha sukari cha Finchaa.

Hukumu tuitoe mapema, asiyekuwa na muda asisumbuke: jiko lenyewe ni zuri, salama kuliko la mafuta ya taa na safi kuliko la mkaa. Linaloamua kama utalipenda au utalirudisha kabatini ni unachokimimina ndani. Malalamiko mengi juu ya majiko ya ethanoli, yakichunguzwa, ni malalamiko juu ya maji.

Siri yote iko kwenye mkebe. Utikise ukiwa umejaa, husikii kitu kikicheza, maana umeshindiliwa nyuzi za madini zisizoungua, zinazonyonya ethanoli kama sifongo. Kila mkebe hubeba lita 1.2. Juu una mdomo mpana uliozibwa kwa wavu, na ethanoli hutoka hapo ikiwa mvuke. Kinachowaka ni mvuke huo, si kimiminika. Kitufe cha mbele husogeza bamba la chuma juu ya mdomo. Likifunua wote, moto mkubwa. Likifunika nusu, moto mdogo. Likifunika wote, moto unakosa chakula na kuzimika. Mkebe uliojazwa sawasawa hata ukipinduliwa haumwagi. Mtoto akilipiga kumbo jiko likaanguka, hakuna dimbwi la moto linalotambaa sakafuni. Kwa nyumba ya chumba kimoja, yenye pazia hatua mbili kutoka jikoni, sifa hiyo peke yake inalipa bei ya jiko.

Nguvu yake ni ya wastani, na ni vizuri kuijua kabla ya kununua. Moto ukiwa wa juu kabisa, mkebe mmoja huchukua saa nne na nusu hivi kuisha, yaani robo lita na ushee kwa saa. Kwa lugha ya mafundi hiyo ni kilowati 1.5 kwa plate. Plate kubwa ya gesi hufika karibu maradufu. Lita moja ya maji ya chai huchemka kwa dakika sita au saba na kula mililita 25 hadi 30. Wali wa nusu kilo, ukichemsha kwa moto wa juu kisha ukapunguza, hauzidi mililita 80. Lita tano za maji kuzifikisha kwenye mchemko ni zaidi ya nusu saa, na asubuhi ya watoto wa shule hapo ndipo watu huanza kununa.

Maharage makavu yasiyolowekwa ni kesi nyingine. Saa mbili na nusu motoni, hata ukishusha moto mapema, yatakula mililita 300 hivi. Yaloweke usiku kucha na kiasi hicho kinakaribia kugawika mara mbili. Makande vivyo hivyo. Chapati hutoka vizuri, kwa sababu moto hutulia mahali pamoja na kikaango hakipati madoa ya kuungulia katikati. Ugali wa watu watatu wanne hauna shida. Ugali wa watu kumi ni ugomvi. Jiko ni jepesi, mwiko ukikaza nalo linataka kutembea. Literemshe chini au liweke kwenye meza yenye ukingo, na sufuria ishikwe kwa koleo. Kuchoma nyama juu yake usijaribu: mafuta ya nyama yakidondokea kwenye wavu wa mkebe yanaziba njia ya mvuke.

Kilichomo ndani ya mkebe

Ethanoli ya kupikia katika ukanda wetu ni mtoto wa sukari. Miwa ikisagwa, maji yake yakachemshwa na sukari ikaganda, kinachobaki ni molasi, uji mweusi mzito ambao sukari yake haikubali tena kuganda kwa faida. Bado karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Muhoroni, nchini Kenya, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kimekuwa kikiigeuza molasi kuwa alkoholi kwa miongo kadhaa; Kilombero, Tanzania, mtambo wa kukeneka, yaani kuitenga alkoholi kwa mvuke, umekaa pembeni ya kiwanda cha sukari, ingawa kazi yake kubwa ni alkoholi ya viwanda vya vinywaji.

Njia yenyewe si geni kwa yeyote anayejua gongo au chang'aa inavyopikwa, ila hapa kila hatua ina kipimo. Molasi huzimuliwa kwa maji hadi vitu vilivyoyeyuka viwe asilimia 20 hadi 25, kwa sababu ikiachwa nzito hamira hukaukiwa na kufa. Hutiwa asidi kidogo, uchachu ufike pH ya 4.5 hadi 5, kiwango ambacho hamira hustahimili na bakteria wengi hawapendi. Huongezwa mbolea ya urea na fosfeti, chakula cha hamira. Kisha hukaa kwenye matangi kwa siku moja hadi mbili. Hapo joto ndilo adui: hamira hutaka nyuzi 30 hadi 35, lakini kuchachuka kwenyewe huzalisha joto, na tangi kubwa lisilopozwa hupanda hadi kazi inasimama katikati sukari ikiwa bado imo. Bakteria nao wakipata nafasi, sukari inayobaki wanaigeuza asidi, na asidi hiyo ikifika hadi kwenye mafuta utaiona baadaye kama kutu kwenye mkebe wako.

Kinachotoka tangini ni pombe ya asilimia 7 hadi 10 tu. Hupandishwa kwenye minara ya kukeneka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, kwa hiyo kila ghorofa ya mnara mvuke hupanda ukiwa na alkoholi zaidi na kuacha maji chini. Lakini kuna mahali mnara unagota. Ikifika asilimia 96 hivi, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko uleule, hata ukeneke mara mia huongezi kitu. Kwa jiko, hapo panatosha kabisa. Kwa petroli hapatoshi, na tutalirudia hilo.

Tani moja ya molasi hutoa lita 230 hadi 260. Mkebe wako wa lita 1.2 umetoka kwenye kilo tano za molasi, na kilo tano hizo ni mabaki ya zaidi ya kilo mia moja za miwa ambayo sukari yake imeshauzwa. Ndiyo maana hoja kwamba jiko hili linakula chakula cha watu haina uzito mkubwa molasi ikiwa ndiyo chanzo. Doa lake liko kwingine: kila lita moja ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji meusi ya kukenekea, vinasi, yenye asidi na njaa kali ya oksijeni. Yakimwagwa mtoni mabichi yanaua samaki. Kiwanda chenye adabu huyachachua tena kupata gesi ya kuendeshea boila, au huyarudisha shambani kwa vipimo kwa sababu yana potasi nyingi. Muuzaji anayejisifu kwamba mafuta yake ni ya kijani aulizwe vinasi inakwenda wapi.

Kabla ya kuuzwa, ethanoli ya jiko hutiwa kitu cha kuifanya isinyweke, ili isiingie kwenye soko la pombe bila kulipiwa ushuru. Kinachofaa ni rangi kidogo pamoja na Bitrex, dawa chungu ambayo matone machache kwenye pipa yanatosha kumtemesha mtu. Haichafui moto. Kisichofaa ni mafuta ya taa au petroli. Wapo wanaochanganya hivyo, na sufuria nyeusi ndiyo ushahidi. Methanoli ndiyo ya kuogopwa kuliko vyote. Inawaka vizuri na haitoi harufu ya kumshtua mtu, lakini inapofusha na kuua kwa kunywewa, na mvuke wake na mguso wa ngozi si vya kuzoewa. Spiriti ya kusafishia vyombo na kuyeyushia rangi mara nyingi huwa na methanoli, kwa hiyo isiwe mbadala wa kudumu eti kwa sababu duka la jirani linayo. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 nayo karibu theluthi yake ni maji. Vitakasa mikono havifai kabisa, glisirini yake inabaki kwenye nyuzi.

Mizani ya jikoni haidanganyi

Ethanoli ni nyepesi kuliko maji, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kumkamata muuzaji aliyezimua. Huhitaji kipimo cha maabara. Chukua chupa tupu kavu, iweke juu ya mizani ya jikoni ya kidijitali, rudisha namba kwenye sifuri. Mimina maji hadi mizani isome gramu 500, piga alama kwa kalamu pale maji yalipofika. Mwaga, ikaushe barabara, kisha jaza mafuta hadi alama ileile. Mafuta ya asilimia 95 au 96 yatasoma gramu 403 hadi 406. Ukiona 415 au 416, ni asilimia 90, bado yanapikika. Ukiona 430, umeuziwa asilimia 80. Ukiona 445, umenunua spiriti ya kidonda. Fanya vipimo vyote viwili chumba kimoja, siku moja, maana joto la pwani huipanua ethanoli kuliko linavyoyapanua maji, na kipimo cha maji cha juzi hakifai kwa mafuta ya leo.

Haidromita ya pombe, kipimo kinachoelea na kuonyesha asilimia, nayo inafaa, ila nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Ikitumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi 30 itakudanganya kwa pointi mbili hadi tatu, na itakudanganya kwa upande unaompendeza muuzaji.

Asiye na mizani achome kijiko kimoja nje ya nyumba, kwenye kifuniko cha chuma, mbali na chupa. Mafuta mazuri huungua mpaka kifuniko kinabaki karibu kikavu. Yenye maji huzimika yenyewe na kuacha kidimbwi. Ukiona masizi kwenye kifuniko, yametiwa mafuta mengine.

Kwa nini kung'ang'ania pointi chache? Kwa sababu mkebe una kumbukumbu. Ethanoli hutangulia kuondoka, maji hubaki kwenye nyuzi. Ukijaza mafuta ya asilimia 80 mara ya kwanza, moto utakuwa dhaifu kidogo na hutashtuka. Ukijaza tena juu ya maji yaliyobaki, na tena, baada ya majazo kadhaa unakuwa na mkebe mzito ajabu usiotaka kuwaka. Wengi hapo hutupa mkebe au hulaumu jiko. Dawa ni kuutoa, kuuacha wazi mahali penye kivuli na upepo, mbali na moto wowote, kwa siku kadhaa hadi urudi uzito wake wa dukani. Andika uzito huo kwa kalamu chini ya mkebe siku unayoununua, utakuja kuuhitaji.

Kujaza na kuwasha

Mkebe hujazwa ukiwa umepoa na ukiwa nje ya jiko. Hapa hakuna mjadala. Ethanoli ya asilimia 95 hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 17 hivi, wakati mafuta ya taa husubiri mpaka 38 au zaidi. Maana yake Dar es Salaam au Mombasa chupa iliyofunguliwa iko tayari kuwaka saa yoyote, hata usiku wa manane. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa juu ya meza hadi kwenye plate ya pili inayowaka. Mwali wake nao ni wa buluu hafifu, mchana kwenye mwanga wa dirisha hauonekani. Ajali za ethanoli zilizo nyingi zina sura moja: mtu alidhani moto umezimika akaongeza mafuta.

Kwa hiyo: zima plate zote mbili, ziba mwanga kwa kiganja uhakikishe hakuna mwali, subiri kama dakika ishirini. Toa mkebe, ulaze kwa mshazari kwenye beseni, mimina polepole kwa faneli kupitia wavu. Nyuzi hunywa kwa utaratibu wake, ukiharakisha mafuta yanarudi juu. Acha kumimina mara tu unapoyaona yakimeremeta karibu na wavu. Kisha upindue juu ya beseni: kitakachodondoka hakikupata mahali pa kukaa, nacho ndicho kingelipuka kwa mwali mrefu ukiwasha. Futa mkebe na beseni, funga chupa, ipeleke chumba kingine, ndipo uurudishe mkebe.

Kuwasha ni kufungua kitufe hadi mwisho na kuleta njiti ndefu kwa pembeni. Moto hautoi sauti, na hilo humchanganya aliyezoea mvumo wa jiko la pampu. Dakika ya kwanza ni mdogo, chuma kikishika joto mvuke unaongezeka na moto unasimama. Ukizima utasikia harufu kali kidogo inayochoma macho. Ni mvuke wa mwisho usioungua vizuri, dirisha likiwa wazi inaondoka mara moja. Dirisha liwe wazi kwa hali yoyote. Jiko lisilotoa moshi si jiko lisilokula hewa.

Moto ukishika mahali usipotakiwa, funika kwa mfuniko wa sufuria au taulo lililoloweshwa. Maji yanauzima moto wa ethanoli, tofauti na moto wa mafuta ya kukaangia, lakini yawe mengi: kikombe kimoja juu ya lita iliyomwagika kinausambaza tu.

Likigoma

Moto dhaifu na mkebe mzito, hayo ni maji, yameshaelezwa. Moto dhaifu na mkebe mwepesi, mafuta yamekwisha. Hakuna geji, unazoea kuupima kwa mkono. Mwali mrefu wa ghafla dakika za mwanzo, ulijaza kupita kiasi: usiguse mkebe, funga kitufe, acha utulie.

Mwali unaoegemea upande mmoja kwa kawaida ni mkebe usiokaa sawa, au ukingo wake umebonyea baada ya kuanguka. Bamba la kitufe likipinda halizibi mdomo wote, na jiko linaendelea kuwaka kidogo hata ukiwa umefunga. Hilo halisubiri kesho. Linyooshwe au libadilishwe kabla ya kupika tena, kwa sababu moto usiozimika na usioonekana ndio unaotangulia ajali niliyoitaja.

Mwali wa manjano una sababu kadhaa, na si zote mbaya. Chumvi iliyoruka kutoka kwenye sufuria huupaka manjano kwa muda. Ukiwa wa manjano wakati wote na sufuria inashika masizi, mafuta yamechanganywa, au matundu ya hewa pembeni yamezibwa na uji. Uji na maziwa yaliyofurika ndiyo magonjwa makubwa ya jiko hili. Sukari yake ikiungulia kwenye wavu hufanya ukoko, na mvuke hupita upande mmoja tu. Mkebe ukishapoa, sugua wavu kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu kidogo, kisha ukaushe vizuri. Usitumbukize mkebe wote kwenye maji. Kutu ndani ya mdomo wa mkebe ni dalili ya mafuta yenye asidi. Badilisha muuzaji kabla ya kubadilisha mkebe.

Bei: usilinganishe lita kwa lita

Hapa wauzaji na wanunuzi wote hukosea. Lita ya ethanoli ya asilimia 95 ina megajuli 20 za joto, na jiko hili hupeleka kwenye sufuria kama asilimia 60, yaani 12. Kilo ya gesi ina 46, plate ya kawaida hupeleka 25 hivi. Lita ya mafuta ya taa ina 35, na jiko la utambi hupeleka 14 hadi 16. Kilo ya mkaa mzuri ina karibu 29, jiko la bati lisilo na udongo hupeleka 7, lililoboreshwa 10.

Kwa hiyo lita moja ya ethanoli ni sawa na nusu kilo ya gesi, au kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu na ushee ya mkaa, kutegemea jiko lako la mkaa. Chukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, gawa kwa 12. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo lita ya ethanoli inaweza kushindana nayo mtaani kwako. Ikizidi hapo, gesi inaishinda kwa hesabu. Lakini gesi inataka fedha ya kilo sita kwa mkupuo, na ethanoli inapimwa nusu lita kama mafuta ya kupikia. Anayelipwa kwa siku haoni hesabu ya megajuli, anaona hela iliyo mkononi jioni, na hana kosa.

Usisahau pia kwamba mafuta ya asilimia 80 yana megajuli 17 tu, na sehemu ya hizo huishia kupasha maji yaliyomo ndani yake. Punguzo la bei la asilimia kumi juu ya mafuta hayo si punguzo.

Jambo la kuangalia zaidi ya bei ni nani anayeweza kujaza mkebe wako. Kuna majiko ya mkebe wazi kama hili, unaloweza kulijaza kwa chupa yoyote, na kuna majiko ya mkebe wenye vali, unaopachikwa kwenye mashine dukani, ukalipa kwa simu na kujaziwa, mtindo ulioenea Nairobi kuanzia 2019. Mkebe wa vali haumwagi tone, hakuna faneli, na hakuna duka la kati la kuongeza maji. Kwa usalama na usafi wa mafuta unaushinda wa wazi. Udhaifu wake ni kwamba umefungwa kwa muuzaji mmoja. Mashine ya mtaa ikikauka au mwenyewe akifunga biashara, jiko linageuka kabati. Mkebe wazi una uhuru, na uhuru huo ndio mlango wa mafuta mabovu. Mwenye mizani na subira achukue wa wazi. Asiye navyo achukue wa vali, lakini asiuze jiko lake la zamani.

Jeli ya ethanoli tuitaje kwa kupita tu. Ina maji na kigandisho, joto lake ni dogo, huacha ukoko kwenye kikopo, na haifai kuingizwa kwenye mkebe wa nyuzi kwa namna yoyote. Kupasha chakula cha sherehe mezani, sawa. Kupika, hapana.

Na kwa waendesha bodaboda waliokwisha kuuliza: mafuta haya ya jiko usiyatie kwenye tangi. Petroli inapochanganywa na ethanoli kiwandani, hutumika ethanoli iliyokaushwa hadi asilimia 99.5 au zaidi, kwa kupitisha mvuke kwenye punje za zeolaiti zenye vitundu vinavyoshika maji na kuacha ethanoli ipite. Kenya ilifanya hivyo kuanzia 1983, ikitia sehemu moja ya kumi ya ethanoli ya Muhoroni kwenye petroli, kabla mpango haujafa muongo uliofuata. Brazil, iliyoanza 1975, imepandisha kiwango hicho hadi asilimia 30 kuanzia Agosti 2025. Huko pia pampu huuza ethanoli yenye maji, karibu sawa na ya jiko lako, lakini kwa magari yaliyoundwa kuipokea. Ukichanganya mwenyewe ethanoli ya jiko na petroli, maji yanajitenga na kukaa chini ya tangi, ndiyo yanayofika kwanza kwenye kabureta, na mipira ya zamani huvimba.

Ukinunua jiko, fungua boksi palepale dukani utafute vifuniko viwili vya mpira vya kuzibia midomo ya mikebe. Ni vidogo, hupotea, na wauzaji wengine huvisahau. Bamba la kitufe huzima moto lakini halizuii mvuke moja kwa moja. Kama hupiki tena hadi kesho, mpira uwe juu ya mdomo. Mkebe uliojaa ukiachwa wazi siku kadhaa kwenye joto la pwani utaukuta umepungua bila kupika hata kikombe cha chai, na kinachobaki ndani kina maji zaidi ya ulichonunua.